Mwongozo Usioongoza

Sentensi ya kwanza ya mwongozo ule ilisema hivi: "Kama hujui foleni ya amri ni nini, ukurasa huu haukuhusu." Niliisoma nikiwa nimesimama katika chumba cha kompyuta cha shule yetu ya ufundi hapa Salatiga, kisiwani Java, wanafunzi wangu wamekaa wananisubiri, nikajiona kama mtu aliyepiga hodi akamwagiwa maji machafu kutoka dirishani.

Naitwa Palupi. Nafundisha kompyuta na usanifu wa picha. Mwaka ule shule ilipewa laptopu kuukuu na kampuni ya bima iliyokuwa inahamia ofisi mpya. Zilikuwa imara, hata betri zilikuwa bado na nguvu, lakini zilikuwa na kasoro moja ya kutia wazimu. Ukikifunga kifuniko kisha ukakifungua tena, rangi zote zimegeuka: nyekundu imekuwa kijani, ngozi ya mtu imekuwa zambarau. Mwanafunzi anachora kadi ya harusi, anaenda kula, akirudi anamkuta bibi harusi kama maiti aliyeopolewa mtoni.

Chipu ya michoro ya laptopu zile ilitengenezwa na kiwanda kilichokwisha kufungwa, na hapakuwa na kampuni iliyoishughulikia tena. Kilichobaki ni kiendeshi kimoja tu, yaani ile programu inayoiambia chipu ichore nini kwenye skrini na ichore vipi. Kilikuwa kazi ya watu wa kujitolea, tena si watu wa ng'ambo, ni wa hapo Yogyakarta tu. Walikiita Blencong, jina la ile taa inayoning'inizwa juu ya kichwa cha mchezesha vikaragosi ili vivuli vyake vionekane kwenye pazia. Nilipoliona jina lile nilifurahi. Nikasema, hapa nimefika kwa ndugu zangu.

Ndugu gani!

Baada ya ile sentensi ya kwanza, mwongozo uliendelea: "Ondoa kiendeshi cha zamani. Jenga kipya kwa njia ya kawaida. Washa upya." Njia ya kawaida ni ipi? Haikuelezwa. Ya kawaida kwa nani? Mimi si mgeni wa kompyuta. Mfumo wa mitihani wa shule yetu niliuandika kwa mikono yangu miwili na mpaka leo unafanya kazi. Lakini viendeshi vya michoro ni nchi nyingine, na mtu akiingia nchi ya watu anahitaji japo kibao cha kumwonyesha soko liko upande gani. Nilibahatisha, nikaondoa, nikajenga, nikawasha upya. Skrini ikawa nyeusi kama sehemu ya chini ya sufuria.

"Bu, imekufa?" aliuliza Wening, msichana anayekaa mbele, akiniita "mama" kama kwetu tunavyowaita walimu wa kike.

"Imezimia," nikamjibu. "Tutaizindua."

Niliingia katika kundi lao la mtandaoni nikaandika kwa adabu zote, nikijitambulisha mimi ni nani, nafundisha wapi, laptopu ni za aina gani, nimefanya nini na kimetokea nini. Jibu lilikuja upesi, kutoka kwa mtu anayeitwa Bagaskara.

"Soma msimbo."

Nikauliza tena, sehemu gani ya msimbo, maana mafaili ni mengi.

"Wote."

Watu wakaweka vikatuni vya kucheka. Mmoja akaongeza: "Mwalimu wa kompyuta anaomba kufundishwa kompyuta. Nchi yetu hii!" Vikatuni vikazidi.

Nilikaa mbele ya maneno yale uso umewaka moto. Umri wangu ule, mke wa mtu, mwalimu wa watu, nachekwa na vijana nisiowajua kwa kosa la kuuliza. Halafu ukaja ujumbe wa pembeni, ambao wengine hawauoni. Uliandikwa na mtu anayeitwa Gunarto, akiniita Mbak, yaani dada.

"Mbak Palupi, samahani sana kwa wale. Chipu yako ni toleo la pili. Toleo la pili lazima uzime kwanza kile kiendeshi kidogo cha dharura, la sivyo vinagombana na skrini inazima. Washa laptopu katika hali ya usalama, ukizime, kisha urudie. Ila tafadhali, usiseme ni mimi niliyekuambia."

Nilifanya alivyosema. Skrini ikawaka, wanafunzi wakapiga makofi. Nikamwandikia kumshukuru, nikamuuliza kwa nini nisiseme.

"Mas Bagas hapendi watu walishwe kwa kijiko," akajibu. Mas ni kaka, na Bagas ni Bagaskara kwa kifupi.

Hapo ndipo hasira yangu ilipobadilika. Ile ya kuchekwa ilikuwa yangu mwenyewe, ningeimeza. Lakini hii ilikuwa kubwa kuliko mimi. Jambo dogo vile, ambalo lingekaa katika sentensi mbili ndani ya mwongozo, linapitishwa chini ya meza kama magendo! Na ni wangapi walioona skrini nyeusi wakaamini kosa ni lao, wakaondoka, kwa sababu Gunarto siku hiyo hakuwa hewani?

Na rangi bado zilikuwa zinageuka. Kiendeshi kipya kiliwasha skrini tu, lile tatizo la kifuniko kilikuwa nalo vilevile. Wenyewe walilijua. Kila baada ya muda Bagaskara aliandika katika kundi: "Hitilafu ya rangi imetushinda. Tuko wachache. Kwa nini hakuna anayejitokeza kusaidia?"

Nilipousoma ujumbe ule nilicheka peke yangu. Mtu ameweka mbwa mkali mlangoni, kisha analalamika hapati wageni.

Walikuwa wakikutana Jumapili katika duka la uchapishaji la Gunarto, Yogyakarta. Nikawasha pikipiki nikaenda. Gunarto alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye wino kwenye kucha. Mkewe, Bu Endah, alikuwa kwenye mashine ya kukatia akipunguza kingo za kadi za harusi. Bagaskara alikaa karibu na feni, mwembamba, na ndala miguuni, anakula tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, za kukaanga na pilipili mbichi. Nilitarajia mtu mwenye kelele, kumbe anaongea taratibu, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto alale. Maneno makali yakisemwa kwa sauti ile yanachoma zaidi.

"Mbak ndiye yule mwalimu?" akauliza.

"Ndiye mimi niliyeambiwa nisome wote."

Akatabasamu. "Usikasirike, Mbak. Ule ni ungo wetu. Tunapepeta. Pumba zinaruka, mchele unabaki."

Nikakitazama kile chumba. Alikuwepo yeye, Gunarto, na kijana mmoja anayeitwa Wisnumurti aliyekuwa amelala usingizi kwenye kiti.

"Na mchele wenu uko wapi, Mas?" nikauliza. "Ndio huyu anayekoroma?"

Bu Endah akaangua kicheko nyuma ya mashine mpaka akasimamisha kazi. Bagaskara hakucheka. Akaniambia kwamba amekifanyia kazi kiendeshi kile kwa miaka bila kulipwa, na kwamba kila akiwafungulia watu mlango wanaingia, wanauliza maswali yaleyale, wanapata majibu, wanatoweka. Amechoka kuwa kisima cha kila mpita njia. Katika hilo, nasema kweli, nilimwonea huruma. Macho yake yalikuwa ya mtu ambaye halali vya kutosha.

"Basi yaandike yale majibu mara moja tu, yakae kwenye mwongozo," nikasema. "Hutaulizwa tena."

"Sina muda."

"Mimi ninao. Nitaandika sura ya wanaoanza. Wewe ikague tu."

Akainua mabega. "Andika."

Niliandika. Wala sikuandika kwa kubuni. Niliwakalisha Wening na wenzake mbele ya laptopu, nikawapa ukurasa wangu, nikanyamaza. Walipokwama, nilijua ukurasa umekosea, nikaurekebisha. Nilieleza toleo la kwanza na la pili, namna ya kujua lako ni lipi, na skrini ikizima ufanye nini. Foleni ya amri niliieleza kama foleni ya bibi muuza chakula: kila mteja anasema anachotaka, bibi anapakua kwa zamu, na ukiruka foleni sahani zinachanganyika. Watoto wakaelewa. Nikaituma.

Ilirudi imekatwakatwa. Neno la kwanza kabisa katika ukurasa wangu lilikuwa "Karibu." Alikuwa amelipiga mstari, na pembeni ameandika: "Neno lisilo na taarifa." Mfano wa bibi muuza chakula: "Chekechea." Maelezo ya skrini nyeusi: "Anayehitaji kuambiwa hili asiguse kiendeshi." Mwishoni: "Imekataliwa."

Nililionyesha lile neno "Karibu" lililokatwa kwa mume wangu. Alilitazama kitambo, akasema, "Huyu mtu nyumbani kwake anapokeaje wageni?"

Ikapita likizo. Nikaenda Semarang kwenye mafunzo ya walimu, na aliyeletwa kutufundisha habari za mitandao ya ofisi alikuwa dada mmoja wa Kupang, mji wa visiwa vya mbali mashariki, anayeitwa Yosefin Manafe, fundi wa mifumo ya winchi pale bandarini. Mchangamfu, anaongea haraka, anatutania walimu kwa kusinzia. Alinibandika jina la "kaka" tangu asubuhi, maana kwao kaka ni yeyote aliyekuzidi umri, awe mume au mke.

Wakati wa chakula aliifunga laptopu yake, tukaenda kula, tukarudi, akaifungua. Nilikuwa nyuma yake. Laptopu ilikuwa ya aina ileile ya shuleni kwetu, hata ubavu wake umebonyea vilevile. Rangi zilikuwa sawasawa. Nyekundu ilikuwa nyekundu.

"Yosefin," nikasema, "hiyo laptopu umeipata wapi?"

"Ya mtumba, kaka. Nimekaa nayo tangu chuoni. Mbona unaitazama kama umeona mzimu?"

"Mbona rangi zake hazigeuki?"

"Zilikuwa zinageuka. Nikatengeneza."

"Ukatengeneza vipi?"

"Chipu ikilala inasahau mpangilio wa rangi. Kiendeshi kikiiamsha kinaikumbusha kila kitu isipokuwa huo. Nikaongeza mistari michache ikumbushwe na hilo. Basi."

Nilikaa chini. "Wenye Blencong wanalihangaikia jambo hilo mpaka leo. Mbona hukuwapa?"

Uchangamfu wote ulimtoka. Akaanza kuupanga upya waya wa chaja ambao ulikuwa tayari umepangwa.

"Niliwapa," akasema.

Akanisimulia. Wakati ule alikuwa mwanafunzi, amepanga chumba hapohapo Semarang, na kuigundua ile hitilafu kulimchukua likizo nzima. Siku alipofaulu alimpigia mama yake Kupang kumweleza, na mama, ambaye hakuelewa hata neno moja, alimwombea dua kwenye simu. Yosefin akatuma kazi yake. Jibu lilikuwa: "Umetuma vibaya. Soma mwongozo." Akausoma wote, akaurudia. Hapakuwa na neno hata moja kuhusu namna ya kutuma. Akauliza ni sehemu gani. Akajibiwa: "Kama unauliza, hujausoma." Halafu mwingine akadakia: "Kupang kuna umeme siku hizi?" Vikatuni vya kucheka vikafuata.

"Ulifanya nini?" nikamuuliza.

"Ningefanya nini? Nilitoka. Sikulia, kaka, usinitazame hivyo. Nilicheka hata mimi, kuwaonyesha kwamba sijaumia. Ila baada ya pale sikuandika msimbo mwaka mzima. Nilikuwa nikifungua tu faili, nasikia wanacheka."

Nimefundisha kwa miaka mingi. Nimewaona watoto wakipigwa, wakifukuzwa, wakinyimwa chakula cha mchana. Sikumbuki kama niliwahi kuwa na hasira kama ile. Ile laptopu yangu iliyozimia, wanafunzi wangu na maiti wao wa zambarau, shule ngapi nyingine, zahanati ngapi zenye mashine zilezile, watu wote hao wamekaa na ugonjwa ambao dawa yake ilikwisha kuletwa mlangoni, ikafukuzwa kwa sababu mleta dawa hakujua kupiga hodi kwa mtindo wa wenye nyumba. Na mtindo wenyewe haukuandikwa popote!

"Nipe hiyo mistari," nikasema. "Twende wote Jumapili."

"Mistari chukua. Lakini jina langu likae: Yosefin Manafe, kamili. Na mimi siji. Nilikofukuzwa sirudi kuomba kiti."

Jumapili ile mvua ilikuwa inanyesha. Nilifika dukani kwa Gunarto nimelowa, hata koti sikuvua. Wote watatu walikuwepo, na Wisnumurti safari hii yuko macho. Nikaweka laptopu ya shule mezani, nikafunga kifuniko, nikakifungua. Rangi zikawa sawa.

Bagaskara alisimama na kipande cha tempe mkononi. "Nani kafanya hivi?"

"Yosefin Manafe."

"Simjui."

"Unamjua. Alikuleteeni hii zamani, ukamwambia ametuma vibaya. Mkamuuliza kama kwao kuna umeme."

Wisnumurti akatazama sakafu, nami nikajua ni nani aliyeuliza habari za umeme. Bagaskara akakunja uso, anatafuta kichwani, na nikaona wazi kwamba anatafuta kweli na hapati kitu. Binti wa watu amebeba maneno yale mwaka mzima kama jiwe kifuani, na aliyeyasema hayakumbuki hata kidogo.

"Basi kama alituma vibaya, alituma vibaya," akasema kwa ile sauti yake ya bembelezi. "Utaratibu upo."

"Uko wapi? Nionyeshe."

"Kila mtu anaujua."

"Kila mtu ndio nyinyi watatu? Dunia nzima ndiyo hiki chumba?"

"Mbak, mimi hakuna aliyenishika mkono. Nilipoanza nilitukanwa na watu wa ng'ambo, kwa Kiingereza, hata tusi lenyewe nililitafuta kwenye kamusi. Nilivumilia. Nikajifunza."

"Na ilipofika zamu yako," nikasema, "ukatutukana kwa Kijava, ili tusipate taabu ya kamusi."

Gunarto alikohoa. Bu Endah aliizima mashine yake ya kukatia.

"Tufanye hivi," nikaendelea. "Mas Gun, una laptopu ya aina hii ambayo haijawekwa kitu?" Alikuwa nayo, ya mteja aliyeitelekeza. "Mas Bagas, kaa hapa. Huu hapa mwongozo wako, nimeuchapisha. Kiweke kiendeshi chako kwa kuufuata huu. Ulichoandika ukifanye, ambacho hukuandika usikifanye."

"Mchezo wa watoto huu."

"Basi hautakushinda."

Akakaa. Nadhani alikaa kwa kiburi tu, kuonyesha. Akaondoa cha zamani. Alipofika kwenye "njia ya kawaida" vidole vyake vikaanza kucheza harakaharaka, amri baada ya amri.

"Hee!" Bu Endah akaita. Alikuwa amekuja kusimama nyuma yake na karatasi mkononi. "Hicho kidole chako kimesoma ukurasa gani, Mas? Mimi hapa sikioni."

"Hilo linajulikana, Bu."

"Mimi silijui. Futa."

Akafuta. Akaitazama karatasi, akaigeuza nyuma kama vile pengine kuna maandishi huko. Hatimaye akajenga kwa kubahatisha, kama nilivyobahatisha mimi, akawasha upya. Skrini ikawa nyeusi. Laptopu ilikuwa toleo la pili. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha hali ya usalama, na Bu Endah akaupiga kofi dogo, kama unavyompiga mtoto anayedokoa mboga.

"Haimo," akasema.

Bagaskara alikaa mbele ya weusi ule. Nilimwona masikio yakimgeuka mekundu. Kila alichokuwa akikijua kilikuwa kichwani mwake, na mbele ya watu, kwa ukurasa wake mwenyewe, hakuweza kuiwasha skrini. Akaisukuma laptopu, akavaa koti lake la mvua kinyume, akatoka, na pikipiki yake tukaisikia ikikataa kuwaka mara kadhaa kabla ya kuondoka.

Wisnumurti akacheka kidogo. Nikamgeukia.

"Wewe unacheka nini? Wewe wa umeme?"

Akarudisha macho sakafuni.

"Na wewe, Mas Gun," nikasema, kwa sababu hasira ilikuwa haijaisha na yeye pia alikuwa na fungu lake. "Wewe ulijua yote."

"Nilikuwa nawasaidia, Mbak," akasema kwa sauti ndogo. "Kila aliyekwama nilimwandikia."

"Kwa kunong'ona. Ulimsaidia mmoja ukawaacha wengine wote waamini ni wajinga. Yule dada wa Kupang ulimnong'oneza?"

Alikwangua wino kwenye kucha zake. "Siku ile nilikuwa na kazi ya mabango ya uchaguzi," akasema. "Nilimwona. Nikasema nitamjibu kesho."

Bu Endah alimtazama mumewe kwa jicho ambalo nisingependa kutazamwa nalo. Kisha Gunarto akavuta kiti, akafungua kompyuta yake. Naye alikuwa na ruhusa ya kupokea kazi za watu, siku zote alikuwa nayo, ila alikuwa hajawahi kuitumia bila kumuuliza Bagaskara. Akaipokea mistari ya Yosefin, akaandika jina lake kamili. Kisha akaifungua sura yangu iliyokatwakatwa na kuirudisha nzima kama nilivyoituma, bibi muuza chakula na yote. Mwisho akaandika katika kundi, mbele ya kila mtu, kwamba kuanzia siku ile maswali yote yajibiwe hadharani, na anayecheka swali la mtu atatolewa.

Bagaskara alikaa kimya siku nyingi. Tulidhani ameacha. Kisha akaandika: "Mwongozo uwe chini ya Gunarto na Mbak Palupi. Mimi nabaki na msimbo." Hakuomba radhi. Lakini baada ya hapo nikaanza kuona kitu: kila alipobadilisha jambo kwenye msimbo, aliniletea aya ya kueleza amefanya nini na kwa nini. Aya kavu kama mihogo ya kuanika, lakini zilieleweka. Moja aliimalizia kwa kuuliza: "Wanafunzi wako wanaelewa hii?" Niliwapa wakasoma, hawakuelewa, nikamwambia. Akaandika upya.

Watu wakaanza kuja. Kuna kijana wa Makassar aliyeuliza swali ambalo zamani lingechekesha kundi zima, na baada ya muda akawa ndiye anayewajibu wengine. Kuna mama wa Banjarmasin anayetengeneza simu, akarekebisha tatizo la mwanga wa skrini. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenyeji alikuwa mgonjwa kweli.

Nilikwenda Semarang kumwona Yosefin. Tulikutana kwenye banda la chakula nje ya geti la bandari, yeye amevaa kofia ya kazi, mezani supu ya kuku na viazi. Nikamwonyesha ukurasa wenye jina lake. Aliusoma, akarudisha simu yangu taratibu.

"Ameniandikia, yule mkubwa wao," akasema.

"Amesemaje?"

"Kwamba wakati ule alikuwa na kazi nyingi."

Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, na mimi nikamfuata, lakini kicheko changu kilikuwa na uchungu kama shubiri.

"Umemjibu?"

"Nimemjibu 'nimepokea.'"

"Rudi, Yosefin. Sasa ni kwengine kabisa. Wanakuhitaji."

Akapuliza supu yake. "Wananihitaji, kaka, au wanataka wajione wamekuwa wema?"

Sikutaka kumdanganya, nikamsogezea chumvi. Alikula, akaniuliza habari za wanafunzi wangu, akafurahi kusikia Wening amechaguliwa kuchora bango la mkoa. Kisha king'ora cha zamu kikalia.

"Mimi nina winchi zangu," akasema akivaa kofia. "Zinanyanyua makontena ya watu. Zikiharibika, nikauliza, najibiwa. Inanitosha."

Nilimtazama akivuka geti mpaka akapotea kati ya malori. Nilirudi Salatiga, nikafungua kompyuta. Mtu mpya kabisa alikuwa ameuliza swali, amejieleza kwa adabu ndefu kama niliyojieleza nayo mimi, na bado hajajibiwa na mtu. Nikamjibu hata viatu sijavua. Bu Endah husema nina moyo wa subira. Ninyi mliokwisha kuyasikia haya mnajua kwamba ni hasira tu, na mpaka leo haijapoa.